Askama Hana Wakili: Juu ya Wahusika wa Riwaya ya «The Sparrow»

Imekuwa desturi miongoni mwa wenzetu, kila itajwapo riwaya ya Mary Doria Russell iitwayo The Sparrow, kuigawa hukumu yake katika mafungu matatu. Wapo wasemao kwamba ni kitabu cha kufuru, maana padri mzima anaonekana humo akimlaumu Mwenyezi Mungu. Wapo wasemao kuwa ni upuuzi wa nyota na vyombo vya angani, usiomhusu mwalimu wa Kiswahili wala mwanafunzi wake. Kundi la tatu, nalo ndilo lenye wasomi wengi na heshima kubwa, lashikilia kwamba riwaya hii ni kesi ya Mungu: kwamba wahusika wake wote ni mashahidi walioitwa barazani ili kujibu swali moja tu, nalo ni hili: yu wapi Mungu mtu mwema anapoteswa?

Makundi mawili ya kwanza hayatatuchukulia muda mrefu. Lakini hili la tatu tunalipinga waziwazi, na tunalipinga kama walimu wa lugha. Tunadai kwamba anayeisoma riwaya hii kama kesi ya Mungu peke yake amekwisha kuwaachilia washtakiwa wengine waende zao, na mmojawapo wa hao ni kazi yetu wenyewe.

Kwanza tuwaeleze kwa ufupi wale ambao kitabu hakijawafikia. Kilitoka mwaka 1996, na mwaka 1998 kikapewa tuzo ya Arthur C. Clarke huko Uingereza. Mwandishi ni Mmarekani, mtaalamu wa elimu ya mabaki ya binadamu wa kale, aliyelelewa katika Ukatoliki na baadaye akaingia dini ya Kiyahudi. Hadithi yaanza mwaka 2019, pale kijana Jimmy Quinn, mnajimu katika kituo cha Arecibo kisiwani Puerto Rico, anaponasa mawimbi kutoka upande wa nyota ya Alpha Centauri na kutambua kwamba ni nyimbo. Mataifa yakiwa bado yanajadiliana, Shirika la Wayesuiti, lile lililoanzishwa mwaka 1540 na ambalo halijapata kuona haya ya kufika mbali, linatuma watu wanane kwa siri. Wanne ni mapadri: Emilio Sandoz mwanaisimu, D.W. Yarbrough kiongozi wao, Alan Pace mjuzi wa muziki na Marc Robichaux mtaalamu wa viumbe. Wanne ni walei: daktari Anne Edwards na mumewe George, Sofia Mendes wa mitambo ya kompyuta, na Jimmy mwenyewe. Wanafika katika sayari ya Rakhat. Anayerudi ni Sandoz peke yake, mikono yake imeharibiwa, jina lake limechafuka, na mbele yake limekaa baraza la wakuu wake likitaka aeleze. Sura za kitabu zinapishana: moja ya safari, moja ya baraza.

Sasa tazama jinsi wahusika hawa wanavyofundishwa na kujadiliwa. Mhakiki huchora jedwali. Sandoz: padri aliyepata imani kisha akaipoteza. Anne: asiye na hakika ya Mungu. Sofia: Myahudi. Marc: mcha Mungu asiyetikisika. Akishamaliza kuwapanga hivyo, kama duka lipangavyo makopo rafuni, hujiona amekwisha kuwaeleza. Hili ni jedwali la dini zao, wala si la utu wao. Mtu aweza kulijaza bila ya kukisoma kitabu chenyewe, kwa kutazama jalada la nyuma tu. Na laiti makosa yangekoma hapo! Jedwali lina safu za watu wa dunia pekee. Supaari hamo, wala Askama. Riwaya ya kukutana na viumbe wengine inajadiliwa kana kwamba upande mmoja tu ndio uliokutana.

Sisi twapendekeza kipimo kingine: mhusika apimwe kwa yale anayoyatenda na lugha. Kipimo hiki hatukukileta kutoka nje ya kitabu. Kimo ndani, ukurasa baada ya ukurasa.

Sandoz alizaliwa La Perla, mtaa wa kimaskini wa San Juan. Alichokipata katika Shirika kilikuwa lugha: moja baada ya nyingine, kwani wakubwa wake walikuwa na tabia ya kumhamisha kila alipokwisha kuzoea watu na maneno yao. Mwalimu yeyote aliyepata barua ya uhamisho mwaka wa pili wa kazi atayajua machungu ya jambo hilo. Baadaye, akiwa chuoni Cleveland, anajiwa na Sofia Mendes. Huyu ameajiriwa kuuchunguza ujuzi wake wa kujifunza lugha, hatua kwa hatua, ili ujuzi huo utiwe katika mashine na mashine ichukue nafasi yake. Mwaka 1996 jambo hili lilisomwa kama ndoto. Leo, wakati walimu wanaulizwa na wazazi kwa nini mtoto alipiwe karo ya somo la lugha ilhali kompyuta yafasiri bure, hatuoni mtu akicheka. Na angalia kwamba Sandoz hamchukii Sofia. Anamweleza yote. Anaamini kwamba kilicho ndani yake hakiwezi kwisha kwa kuelezwa.

Huko Rakhat wanakutana kwanza na Waruna, viumbe wapole walao mimea, waishio kwa kukusanya na kufanya biashara, nao wana kijiji kiitwacho Kashan. Waruna hawa, walipowaona wageni, hawakuwapa mzee wala mkuu wa kijiji awafundishe lugha. Waliwapa mtoto. Kwao mtoto ndiye afundishwaye ukalimani. Mtoto huyo wa kike ni Askama, na lugha yenyewe ni Kiruanja. Hapo kuna kurasa ambazo mwalimu wa Kiswahili hana budi kuzisoma akitabasamu, maana Sandoz anagundua kwamba nomino za Kiruanja hugeuka umbo kwa kufuata jambo moja: kama kitu kinachotajwa kinaonekana au hakionekani. Kilicho mbele ya macho kina utaratibu wake. Kisichoonekana, pamoja na mawazo na mengineyo yasiyoshikika, kina utaratibu mwingine. Sisi ambao kila siku twapambana na wanafunzi wa nchi zetu juu ya ngeli, na kuwaeleza kwa nini kifaru ni chombo cha vita katika sentensi hii na mnyama mwenye uhai katika ile, twaelewa furaha ya mtu anayeanza kuiona akili ya watu katika viambishi vyao. Russell hakuyatia mambo haya kwa mapambo. Anatuonyesha jinsi padri huyu anavyosali. Kwake kuipata kanuni ya sarufi ni sawa na kuguswa na Mungu, na siku zile za Kashan, mtoto akiwa mapajani mwake, ndizo siku anazokaribia kuwa mtakatifu machoni pa wenzake.

Anguko linaanzia hapohapo, katika ustadi huohuo.

Kiruanja ni lugha ya wanaotawaliwa. Watawala wa Rakhat ni jamii nyingine, Wajana'ata, walao nyama, wenye lugha yao iitwayo K'San. Mfanyabiashara wa Kijana'ata, Supaari VaGayjur, anazungumza na wageni kwa Kiruanja, maana hiyo ndiyo lugha ya biashara yake. Kwa hiyo Sandoz amejifunza ulimwengu wote wa Rakhat kupitia mlango wa watumishi. Anajua Waruna wanaliitaje jua, mzizi na mtoto. Hajui Wajana'ata wanawaitaje Waruna. Baada ya maangamizi yatakayotajwa hapa chini, wanabaki yeye na Marc tu, wakiwa mateka, na Supaari anajitokeza kuwachukua chini ya himaya yake. Anamuuliza Sandoz kama wanakubali hasta'akala. Sandoz anadhani ameelewa. Ni neno la hifadhi, la kupewa mlinzi, la mgeni kutiwa nyumbani. Anajibu ndiyo, kwa niaba yake na ya Marc.

Neno hilo lilikuwa na maana ya hifadhi, kweli. Lakini hifadhi hiyo huonyeshwa mwilini: nyama za viganja hukatwa hata vidole vikaning'inia kama mmea utambaao, usioweza kusimama bila ya mti wa kuuegemea. Kwa mila ya Wajana'ata hiyo ni alama kwamba mtu huyu ana wa kumtunza na hana haja ya kazi. Marc akafa kwa kutokwa damu.

Hapa ndipo tunapoachana kabisa na wahakiki wa kesi ya Mungu. Wao hulisoma tukio hili na kuuliza mara moja: Mungu aliruhusuje? Swali ni halali, nasi hatulizuii. Lakini kabla ya kulifikia kuna swali dogo lililo mlangoni, nalo wanaliruka: ndiyo ile ilitoka wapi? Ilitoka katika imani kwamba ukijua neno lamaanisha nini, umekwisha kujua watu watakufanya nini wakilitumia. Imani hiyo ndiyo tunayoifundisha katika madarasa yetu. Kila tunapompa mwanafunzi orodha ya msamiati, neno huku na maana kule, na kumpa alama kumi juu ya kumi kwa kuikariri, tunamtengeneza Sandoz mwingine, pungufu wa kipaji chake. Mwanafunzi wetu aliyejifunza kwamba «karibu» ni neno la kumwita mgeni aingie, kisha akaingia katika kila nyumba ya pwani wakati wa chakula kwa kuwa aliambiwa karibu na mpita njia mwenye adabu, hatakatwa mikono. Atachekwa tu. Kosa lenyewe, hata hivyo, ni la ukoo mmoja.

Tutajibiwa: mnamlaumu mtu aliyeteswa. La hasha. Sandoz hakuwa na njia ya kujua, wala hakupewa muda. Kukosa si kutenda dhambi, na sehemu kubwa ya mateso yake barazani inatokana na watu wasiotaka kutofautisha mawili hayo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Yeye asema kwa ufupi: ama Mungu aliniongoza hadi pale, basi Mungu ni katili, ama hakuniongoza, basi nilikuwa mpumbavu. Wahakiki huyachukua maneno hayo kana kwamba ni hukumu ya riwaya. Tangu lini tukawafundisha wanafunzi kwamba asemalo mhusika juu ya nafsi yake, tena akiwa katika maumivu, ndilo asemalo mwandishi? Mwandishi ameweka barazani watu wengine pia. Kuna Giuliani, Mkuu wa Shirika, mwenye hila na subira. Kuna Voelker, aliyekwisha kuhukumu kabla ya kusikia. Kuna John Candotti, padri wa kawaida asiye na elimu kubwa ya mambo haya, ambaye kazi yake ni kukaa na kumsikiliza mgonjwa, na huyu twamwona kuwa mwanaisimu bora kuliko wenzake wote chumbani, maana ndiye asiyekimbilia kufasiri.

Na baraza lenyewe limeitishwa kwa sababu ya tafsiri mbovu nyingine. Msafara wa pili uliofika Rakhat ulimkuta Sandoz katika nyumba ya mtawala mshairi, Hlavin Kitheri, alikokuwa amepelekwa na Supaari na kunajisiwa mara nyingi. Walimkuta ameua mtoto. Ripoti yao ikafika duniani kabla yake: padri huyu ni kahaba na muuaji. Kila neno la ripoti lilikuwa na tukio nyuma yake, na ripoti nzima ilikuwa uongo. Yule aliyeangushwa na neno moja asilolijua undani wake anarudi kwao na kukuta dunia nzima imemfanyia vivyo hivyo. Na nyimbo zile zilizonaswa Arecibo, zilizowafanya watu wenye akili kulia na kuvuka anga wakidhani zinamsifu Muumba? Mtunzi wake ndiye huyo Kitheri, na mambo aliyoyatukuza ndiyo hayo aliyomtendea mfungwa wake. Walisikia sauti, hawakusikia maneno. Tunawaomba wenzetu wanaopenda kuchezesha kasida na taarabu darasani kwa ajili ya sauti tu, bila ya kumwuliza mwanafunzi nini kimesemwa, waifikirie sura hiyo.

Tumefika kwa Askama. Yule mtoto aliyeuawa na Sandoz ni yeye.

Sandoz alikuwa ameapa gerezani kwamba atakayeingia mlangoni mara nyingine atamwua. Aliyetangulia kuingia alikuwa mtoto aliyempenda, aliyekuwa amewaongoza wageni wa msafara wa pili hadi mahali alipofungwa, akikimbia mbele yao kwa furaha ya kumwona Meelo wake; ndivyo alivyomwita. Wahakiki wote hulitaja tukio hili. Wanalitaja vipi? Kama jeraha la Sandoz. Kama kilele cha maumivu ya padri, hoja ya mwisho katika kesi yake na Mungu wake. Mtoto amefanywa kidonda cha mtu mwingine. Hatujasoma wala kusikia mhakiki aliyeuliza Askama mwenyewe alipoteza nini, kijiji chake cha Kashan kiliambiwa nini, Chaypas na Manuzhai waliomzaa walimlilia kwa maneno gani na kwa ngeli ipi ya Kiruanja, ile ya vionekanavyo au ile ya visivyoonekana. Alikuwa mwalimu. Bila yeye pasingekuwa na sarufi, wala makala za kisayansi zilizotumwa duniani, wala sifa ya Sandoz.

Hili latuuma kwa kuwa si jambo la Rakhat tu. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji. Kamusi yake ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Jina la Krapf wanafunzi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani. Ni wangapi kati yetu wawezao kulitaja jina la kadhi yule? Askofu Steere naye alipoandika sarufi yake ya mwaka 1870, maneno aliyoyaandika yalitoka katika vinywa vya watu wa Unguja. Mapadri na wachungaji waliojifunza lugha zetu hatuwachukii. Kazi yao tunaitumia hadi leo. Tunachosema ni kwamba palipo na mwanafunzi wa lugha aliyesifiwa, pana mwalimu aliyesahauliwa, na aghalabu mwalimu huyo alikuwa kijana, mtumishi au mtoto. Chama cha walimu kisipomtetea Askama, nani atamtetea?

Kuna wenzetu wengine, hasa vijana, ambao husoma riwaya hii na kufunga hesabu upesi: Wayesuiti ni wakoloni, Waruna ni sisi, somo limekwisha. Twakiri kwamba mwandishi mwenyewe aliifikiria mada hii wakati dunia ikikumbuka miaka 500 tangu safari ya Columbus ya mwaka 1492, akajiuliza kama watu wa leo, wasomi na wenye nia njema, wangefanya vizuri zaidi. Lakini hakuandika kijitabu cha siasa. Wageni wake hawakuja na bunduki za kuteka wala bendera. Walipanda bustani! Walilima mboga ili wasiwe mzigo kwa wenyeji, na Waruna wakaiga. Chakula kikaongezeka, watoto wakazaliwa wengi kupita idadi iliyoruhusiwa na mabwana zao, na askari wa Kijana'ata wakaja kuwachukua watoto wale, kwa kuwa Wajana'ata hula Waruna. Ni Sofia, aliyewahi kuishi chini ya mkataba uliomfanya karibu mtumwa, aliyesimama na kuwaambia Waruna kwamba wao ni wengi na wale ni wachache. Waruna wakasimama pamoja naye, wakauawa. Nani mkoloni hapo, nani mkombozi? Katika kitabu kinachofuata, Children of God cha mwaka 1998, maneno yale yale ya Sofia yanazaa mapinduzi, na mapinduzi yanawafikisha Wajana'ata ukingoni mwa kutoweka. Supaari naye si shetani. Ni mtoto wa tatu, ambaye kwa sheria ya kwao haruhusiwi kuoa wala kuzaa, na alimtoa Sandoz kwa Kitheri ili apate haki ya kuanzisha ukoo. Tendo hilo ni ovu, nalo lina sababu ambayo mtu yeyote wa pwani au wa bara anayejua aibu ya kufa bila mtoto ataielewa mara moja. Kumwita shetani ni kukataa kujifunza lugha yake.

Kwa wasemao kufuru tuna neno moja. Jina la riwaya latokana na Injili ya Mathayo, sura ya 10, palipotajwa shomoro. Kitabu cha Ayubu kimo katika Biblia ileile, na hakuna aliyekiondoa darasani.

Kwa wasemao upuuzi wa nyota: Arecibo si jina la kubuni. Kilikuwa kituo cha kweli, chenye sahani ya upana wa mita 305, kilichozinduliwa mwaka 1963 na kuanguka tarehe 1 Desemba 2020, mwaka mmoja tu baada ya ule ambao Russell alikipangia kuzisikia nyimbo. Watu waliowalea watoto wao kwa hekaya za Alfu Lela Ulela, za majini na ndege wabebao mabaharia, hawana haki ya kukunja uso mbele ya chombo cha angani.

Imesemwa pia kwamba haya yote yalikwisha kuandikwa na James Blish katika A Case of Conscience ya mwaka 1958, ambamo padri Myesuiti, Ruiz-Sanchez, anafika katika sayari yenye viumbe wema wasio na dini yoyote na kuamua kwamba ni mtego wa Ibilisi. Vitabu viwili hivi havilingani. Padri wa Blish anazipima habari za wenyeji kwa mafundisho aliyokuja nayo, na neno la mwisho ni lake. Sandoz amekaa chini akifundishwa na mtoto.

Sasa inazungumzwa kwamba riwaya kama hii ifasiriwe kwa Kiswahili, nasi twaunga mkono kwa mikono miwili, mradi mtafsiri awe mwalimu wala si kamusi. Jina «Shomoro» litamjia bila taabu. Kiruanja kitampa kazi ya kupendeza, kwani ngeli zetu zaweza kuubeba utaratibu ule wa vionekanavyo na visivyoonekana kuliko Kiingereza kilivyouweza. Lakini neno hasta'akala aliache kama lilivyo. Asitie mabano wala maelezo chini ya ukurasa, wala asitafute neno letu la kulingana nalo. Msomaji na akutane nalo kama Sandoz alivyokutana nalo, adhani ameelewa, na asome mbele.